Mgonjwa Aliyeanza Kuongea Angani

Siku yangu ya kwanza katika tiba ya anga, Daktari Mkuu wa kituo alinifungia katika chumba cha chuma ambacho hewa yake hupunguzwa mpaka unakuwa kama uko juu sana angani. Akaniamuru nivue barakoa ya oksijeni. "Toa saba kwenye mia, uendelee hivyo hivyo," akaniambia kupitia spika. Nilihesabu kwa mbwembwe, nikicheka. Baadaye alinisikilizisha sauti yangu iliyorekodiwa, na ilikuwa upuuzi mtupu.

"Umeona? Kukosa oksijeni hakupigi hodi," akasema. "Kwanza kunakufurahisha."

Nilishangaa sana. Shuleni nilidhani anayekosa hewa lazima ahangaike.

Baadaye nilihamishiwa kitengo cha kusafirisha wagonjwa kwa ndege. Safari moja ilinirudisha kwetu Kisii, kumchukua mkulima wa chai wa Nyamache aliyekuwa na nimonia kali. Mkewe, Mama Kemunto, alipanda na kikapu cha ndizi. Angeendaje kwa shemeji zake Nairobi mikono mitupu? Ndege yetu ilikuwa ndogo, haina mitambo ya kuhifadhi hewa kama zile kubwa, kwa hiyo kadiri tulivyopanda ndivyo oksijeni ilivyopungua.

Tukiwa juu ya milima, mgonjwa akaanza kuongea. Alimtania rubani, akasifu viatu vyangu. Kisha akamshika mkewe mkono: "Mama Kemunto, bila wewe mimi ningekuwa nani?"

"Daktari, amepona!" mama akalia kwa furaha. "Tangu anioe hajawahi ongea hivi!"

Nilishikwa na hofu. Kipimo cha oksijeni kilikuwa kimechomoka kidoleni na kucha zake zilikuwa za bluu. Nilimwambia rubani ateremke upesi, nikaufuata kwa mkono mpira uliomletea oksijeni kutoka kwenye mtungi mpaka nikaukuta umekandamizwa na kikapu. Nikakisukuma. Rangi ya kucha ikarudi polepole, na mzee akanyamaza.

Sasa nimestaafu. Madaktari vijana wakiniuliza waanzie wapi, nawaambia: ulizeni mgonjwa huwa mtu wa namna gani akiwa mzima.

Majuzi nilikutana na Mama Kemunto sokoni Daraja Mbili, kule kwetu Kisii. Mzee ni mzima, akasema, anachuma chai na haongei. Kisha akanivuta kando.

"Daktari, yale aliniambia kule juu, ni yeye alikuwa anaongea ama ni hewa?"

Nimelichunguza swali hilo maisha yangu yote ya kazi na bado sijui jibu lake.

"Ni yeye, mama," nikamwambia.