Meli ya Mbolea Iliyosimama Kwenye Simu

Saa moja na robo asubuhi, siku ya Jumanne, nukta ya meli yetu ilisimama kwenye ramani ya simu yangu, kusini mwa Oman. Kufika mchana, Kariakoo ilikuwa na habari tayari: meli imeua injini.

Nilikuwa mtunza stoo wa duka la pembejeo. Nikisema meli yetu, ni namna ya kusema tu. Ndani yake mlikuwa na tani mia mbili za mbolea ya mwajiri wangu, mama wa Kichaga aliyeweka humo karibu mtaji wake wote. Sifa zake nilizijua kwa kichwa: urefu mita mia moja thelathini na sita, vyumba vinne vya shehena, miaka ishirini na moja baharini. Ni ndogo mbele ya zile za ngano, lakini ina kreni zake tatu, na meli ya namna hiyo haiombi kreni bandarini. Kwa hilo niliipenda.

Alasiri akaja dalali mmoja kijana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuhani?"

"Nimekuja kukuokoa. Niuzie zote leo, unipunguzie elfu sitini tu kwa tani. Meli imelala ile."

"Imelala, na bado unautaka mzigo wake? Una huruma wewe."

Wapagazi mlangoni wakacheka. Mama akanigeukia. "Kaka, imelala?"

Nikamwonyesha saa iliyoandikwa chini ya nukta. Programu ile ya bure ya kufuatilia meli husikia meli kwa minara ya pwani. Meli ikienda mbali, nukta hubaki pale iliposikika mara ya mwisho.

"Haijasimama, dada. Haisikiki tu. Zimebaki maili elfu moja mia nne na arobaini. Kwa maili kumi na mbili kwa saa, Jumapili iko hapa."

"Hiyo kumi na mbili umeitoa wapi?"

"Kwenye sifa zake."

"Za ilipokuwa mpya?"

Mama akamwagizia dalali soda, akamwambia hauzi. Kisha akakodi malori saba kuanzia Jumapili ileile. "Malori kungoja siku moja nitalipia," aliniambia. "Mzigo ufike malori yamechukuliwa na wengine, wateja wangu watapitwa na mvua."

Jumapili malori yakalala bure. Jioni nukta ikazuka karibu na Pemba, ikienda maili kumi kwa saa. Jumatatu asubuhi nilisimama Kivukoni nikaitazama ikiingia: kutu ubavuni, imezama hadi kwenye mstari wake wa mzigo, haina haraka na mtu. Mchana kreni zake zilikuwa zinapakua.

Dalali angetula milioni kumi na mbili. Malori yalidai milioni moja na hamsini elfu kwa kungoja. Tuliokoa shilingi milioni kumi, laki tisa na hamsini elfu.