Felismina Aingia Majini Kwanza

Mto Ruvuma ulipofurika na kuizingira Kitaya, watu walisimama vibarazani wakitazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake. Felismina, mjane anayelima mpunga bondeni, alishika fimbo ndefu akaingia majini akipima kina. Majirani walimfuata wameshikana mikono mpaka kilimani, na wote wakafika salama.

Maji yalipokauka, mwalimu Hashimu alikwenda kumshukuru. "Mama, kwa Kiingereza mtu kama wewe huitwa lida."

"Ndiyo nini hiyo, mwalimu?"

"Kiongozi. Yule anayetangulia wenzake."

Felismina alifikiri kidogo. "Mimi nilitangulia kwa woga. Ningewaacha wengine waanze, miguu yangu ingekataa kabisa."

Siku hizi kijiji kizima humwita Mama Lida, naye huitika.