Mbegu Zilizolala Mjini

Siku ya kwanza kumwona yule mama, alikuwa amesimama kituo cha mabasi akimfokea kondakta kwa sababu gunia lake la mahindi lilikuwa limelowa kitako. Mimi nilikuwa pembeni na mkokoteni wangu, nasubiri aniite, maana mimi si mtu wa kuita wateja.

"Wewe kaka mpole, unasukuma au umekuja kutazama?"

Nikasukuma. Njiani alizungumza yeye tu. Alikuwa fundi cherehani. Shamba la marehemu baba yao alilima dada yake mkubwa; yeye aliwashonea watoto wa dada sare za shule, na dada akamletea mahindi. "Mjini nalala tu," alisema. "Kula nakula kwa dada."

Tangu hapo kila mavuno nilimbebea. Pamoja na magunia kilikuja kifuko kimoja cha mbegu zilizochanganywa na majivu zisiliwe na wadudu. Dada hakuthubutu kuziweka kwake. Miezi ya njaa mawifi na majirani hupiga hodi, naye hajui kumnyima mtu. Basi mbegu zililala mjini, chini ya kitanda cha fundi, mpaka mvua ikaribie.

Mwaka mmoja mume wa fundi, mwashi, alikosa kazi akawa anashinda nyumbani. Nilikuwa nimempelekea fundi majora ya kitambaa, mume akaingia kutoka mashineni, unga mpaka kwenye nyusi.

"Mke wangu, leo nimekupumzisha. Kile kifuko chenye majivu nimekiosha vizuri, nimesaga."

Cherehani ikanyamaza. "Baba watoto," fundi akasema polepole, "umesaga chakula cha mwaka mzima."

Hakupiga kelele. Alichukua ungo akaenda mlango kwa mlango. Katika nyumba ile ya wapangaji, karibu kila chumba kilikuwa na shamba mahali fulani na kifuko uvunguni. Huyu akatoa kikombe, yule viganja viwili.

"Zangu zinazaa mahindi mafupi," mpangaji mmoja alimtania, "kama mwenyewe ulivyo."

Meupe, ya njano, mekundu, ungo ukajaa. "Dada ataniuliza haya ni mahindi au shanga," alisema, na ndipo akacheka.

Kesho yake, mvua ikiwa karibu, niliwasukumia mzigo kituoni. Mume alifuata nyuma, jembe jipya begani, akalipe kwa jasho mbegu alizosaga. Hawakurudi tena mjini, walikaa huko huko wakilima na dada, na chumbani mwao sasa anakaa kinyozi. Siku ile basi lilipoanza kutembea, fundi alichungulia dirishani:

"Kaka, muombee shemeji yako mgongo! Shamba la dada halijui kama yeye ni mgeni."