Jina la Saba

Kamati ya Kupandisha Vyeo ya kitivo chetu cha tiba imetamka, katika kifungu cha nne cha mwongozo wake, kwamba mchango wa mtafiti hupimwa kwa mahali jina lake lilipo juu ya makala. Jina la kwanza ni la aliyefanya kazi. La mwisho ni la mwenye maabara. Yaliyo katikati, mwongozo unasema kwa upole, "yatazingatiwa".

Ardis Rautio alikuwa na makala themanini na sita, na katika zote alikaa katikati. Kwa miaka ishirini na minne hapa Duluth alisoma kumbukumbu za vile vifaa vinavyoshonwa chini ya ngozi, karibu na mtulinga, ili viushtue moyo unapochelewa kupiga. Aliyetaka namba alimwendea. Alipewa, akaenda kuandika, akamchomeka Ardis mahali fulani baina ya wengine.

Akiwa na miaka sitini na moja aliomba uprofesa kamili kwa mara ya pili. Mara ya tatu hairuhusiwi. Ombi lenyewe lilisimama kwa mguu mmoja: makala ya Profesa Garrett Stensrud, ambayo Ardis ni jina la saba kati ya kumi na moja, na ambayo hunukuliwa kuliko zile nyingine zote kwa pamoja. Ilisema kwamba kifaa kikifanya kazi sana hakiudhuru moyo.

Mwezi wa Februari, akitayarisha orodha yake huku akila viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, alifungua namba za zamani ili ahakikishe tarakimu moja. Betri ya kifaa ikichoka, kisanduku chake kizima hubadilishwa, na kisanduku kipya huanza kuhesabu mapigo kutoka sifuri. Wagonjwa arobaini na mmoja walikuwa wamebadilishiwa. Vifaa vyao vilifanya kazi miaka nenda rudi, lakini makala iliwaweka kundi la wasiovitumia sana. Mioyo yao ndiyo iliyokuwa imevimba. Alipowarudisha kundi lao, makala ilisema kinyume.

Alimpelekea Stensrud jedwali.

"Garrett, makala yetu ina kosa."

"Yetu? Nilidhani ni yangu."

"Ikisifiwa ni yako. Leo ni yetu."

Stensrud alicheka, akatazama jedwali, akaacha kucheka.

"Nani kaharibu?"

"Niliwapa hesabu za kila kisanduku. Nyie mkachukua cha mwisho tu. Na mimi nikasaini bila kuangalia."

"Kamati inakaa lini?"

"Machi kumi na tisa."

"Basi tuma masahihisho tarehe ishirini. Ardis, dada yangu, wiki nne tu! Ukiifuta leo unabaki na nini? Themanini na tano za 'yatazingatiwa'."

"Na watakaowekewa vifaa wiki hizo nne?"

"Usinihubirie. Na mimi ni daktari."

"Sihubiri. Nauliza kama utasaini."

Stensrud alisaini, na kwa mazoea akaliweka jina lake mwisho. Jarida likaifuta makala na kutoa masahihisho ya ukurasa mmoja, na juu yake, kwa mara ya kwanza maishani, Ardis alikuwa wa kwanza.

Lavonne, muuguzi anayerekebisha vifaa kliniki, alimpokea mlangoni. "Haya, jina la kwanza! Tukuitaje sasa, mheshimiwa?"

"Ukurasa mmoja wa kukiri kosa, Lavonne."

"Wenzako wana kurasa mia na hawajakiri hata la tahajia."

Kamati ilikaa tarehe kumi na tisa, ikampa dakika kumi na moja. Makala iliyofutwa iliondolewa kwenye orodha. Masahihisho, kwa mujibu wa kifungu cha tisa, si makala bali ni tangazo, nalo halina alama, awe nani wa kwanza. Ombi lilikataliwa kwa shukrani nyingi. Ardis aliisoma barua akiwa amesimama, akaitia kwenye droo, kisha akaenda kliniki, ambako wagonjwa wanne walikuwa wakimsubiri.

Ukurasa ule Lavonne aliutolea nakala, akaibandika kando ya mashine ya kurekebishia vifaa. Tangu majira yale ya kuchipua, kila kifaa kinachopita hapo hupangwa kama inavyosema aya ya tatu: kiusubiri moyo upige wenyewe kwanza, ukishindwa ndipo kishtue. Mashine ya kutolea nakala ilikata sehemu ya juu, yenye majina.