Mwanambuzi Mwenye Doa

Jana mbuzi wa mdogo wetu wa mwisho, ambaye nimemlea tangu akiwa mwanambuzi, alizaa. Harufu ya kondo, nzito na ya joto, ilinifikia uani nikashindwa kuingia zizini.

Siku niliyoijua harufu hiyo, Mama alikuwa na mimba ya mdogo wetu huyu, miguu imevimba, hatoki ndani. Mbuzi wetu akazaa mtoto mwenye kichwa kimoja na nyuso mbili. Alipumua kidogo, ndimi zote mbili nje, akatulia. Nyanya alimfunika upesi kwa kaniki.

"Kiumbe kama huyu hutangulia msiba," alisema, akichimba shimo nyuma ya zizi. "Mwenye mimba asimwone wala asisikie habari zake. Umenielewa, mjukuu wangu?"

"Nimeelewa, nyanya."

Nilijisugua mikono kwa majivu, lakini harufu haikutoka.

"Unanuka kama beberu!" Mama alicheka nilipoingia. "Haya, kazaa nini?"

"Jike."

"Rangi gani?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. "Mweupe. Ana doa jeusi kwenye paji."

"Basi huyo ni wa mtoto wangu. Asiuzwe wala asichinjwe."

Kila asubuhi aliniuliza kama mbuzi wa mtoto ananyonya. Nami, nikiwa tayari nimevaa sare ya shule, nilimjibu kutoka mlangoni kwamba ananyonya vizuri, na ameanza kurukaruka.

Asubuhi moja aliniambia, "Leo mlete nimshike."

Nikamwambia nitamleta jioni, nikitoka shule. Siku hiyo sikufika shule; nilizunguka zizi kwa zizi nikitafuta mwanambuzi jike, mweupe, mwenye doa jeusi kwenye paji.