Pua ya Stoo

Kwa miaka kumi na moja nilimuuzia fomalini mtunza stoo wa maabara ya hospitali, na miaka yote hiyo sikumwibia hata tone. Si kwa wema. Nilishindwa.

Walimwita Pua. Fomalini ni dawa ya kuzuia nyama isioze. Kipande kilichokatwa kwa mgonjwa hutumbukizwa humo kikisubiri daktari akipime. Kwa macho ni maji matupu. Kinachoitambulisha ni ukali wake: inachoma pua, inatoa machozi, na ukiivuta miaka mingi haikuachi salama. Pua hakuweka uso kwenye mdomo wa dumu hata siku moja. Alivaa glavu, akafungua kifuniko, akarudi hatua nyuma, akaipunga hewa kwa kiganja, akanusa kidogo.

"Hii umeiogesha kwa maji, mwanangu," aliniambia mara ya kwanza. "Irudishe, na wewe uende nayo."

Nilikwenda nayo. Tangu hapo tukaheshimiana.

Siku ninayoisema nilipeleka madumu matano. Alinusa moja moja. "Kali. Kali. Kali..." Alipochukua kalamu asaini, nikaona dumu la tatu lina kifuniko chekundu. Vifuniko vyekundu kwangu ni vya madumu yanayooshwa. Lilijaa maji ya bomba. Nilikuwa nimepakia vibaya mwenyewe.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilitaka kujua nimemshindaje.

"Mzee, rudia hilo la tatu."

Akarudia. "Kali. Unanipima?"

"Ni maji, mzee."

Akacheka. Akanusa tena, safari hii kwa karibu, kinyume cha kanuni yake. Kicheko kikaisha chenyewe.

Ukutani feni ya kutoa hewa ilikuwa imekufa siku nyingi, buibui wamehamia. Alikwisha kuwaandikia wakubwa barua tatu juu yake. Chumba kizima kilinuka, machozi yakimtiririka kutwa, kwa hiyo hata macho hayakuweza kumwonya.

"Tangu lini husikii harufu?" nikamuuliza.

"Mwaka jana mke wangu aliunguza sufuria, nami nimekaa hapo hapo jikoni nasoma gazeti. Akadhani namdharau." Akajifuta machozi. "Nimebakiza miezi kumi na minne nistaafu, ndugu yangu. Funga mdomo."

"Nitafunga. Na kila nikileta mzigo, nitakunusia mimi."

"Muuzaji anikagulie mali yake? Wewe ungekubali biashara hiyo?"

Nisingekubali.

Kisha akaniuliza polepole, "Mwezi uliopita, palikuwa na chekundu?"

Nilikumbuka, na sikupenda nilichokumbuka. Alitoa chupa rafuni. Maji yake yalikuwa na ukungu, na kipande ndani kimelegea kama sabuni iliyosahaulika bafuni. Daktari alikwisha kusema kimeoza, mgonjwa mwenyewe, mama wa watu, aitwe akatwe upya.

"Nilimsema muuguzi kwamba alichelewa kukileta," akasema Pua. "Mbele ya wenzake."

Kosa la kwanza lilikuwa langu, la pili lake. La muuguzi halikuwepo.

Jioni ile aliandika barua ya nne. Hakutaja feni, alitaja pua yake, chupa ile, na muuguzi. Mimi nilikiri dumu langu. Barua tatu za feni hazikuwahi kujibiwa. Hii ilijibiwa siku ya pili: akabidhi funguo, aende nyumbani. Mimi waliniachia biashara. Yule mama alikatwa tena. Nilipouliza majibu yake, nikaambiwa hayanihusu.

Siku hizi stoo inashikwa na binti mgeni wa kazi. Siku ya kwanza alifungua dumu akainamia.

"Dada, toa uso! Simama nyuma, punga kwa mkono."

Feni haijatengenezwa. Nikawaambia wakubwa kwamba mzigo wangu unakaguliwa uani, kwenye upepo, la sivyo watafute muuzaji mwingine. Walikubali upesi, haikuwagharimu kitu. Binti hunusa pale nje, husaini, kisha hubeba madumu kuingia nayo ndani, na mlango hujifunga nyuma yake.