Maji ya Jua Nyumbani Kwetu Karagwe

Watoto wa siku hizi wakinisikia nasema tulioga maji ya moto bila kuwasha moto, hunicheka. Na wacheke. Mimi nayatamani maji yale hadi leo.

Huku kwetu asubuhi ni baridi, na kuni zilikuwa za kupikia tu. Mama yangu, Mnyambo wa hapa hapa, alivipaka vyungu masizi kwa nje. Umande ukikauka, aliviweka juu ya mwamba nyuma ya nyumba, pasipofika upepo. Alasiri alivifunika kwa majani makavu ya migomba ili maji yasipoe, na jua likichwa tukaogeshwa mmoja mmoja. Raha ile sijaipata tena.

Baba alikuwa mtu wa pwani. Alikuja na misafara kuuza nguo na shanga, akaoa, akakaa, lakini alikaa mguu mmoja ndani mmoja nje. Alitawadha kwa maji yale ya chunguni na kuyasifu, na bado kila baridi ilipozidi alisema atarudi kwao.

Mwaka mmoja mvua ya mawe ikavunja vyungu vyote. Mama hakungoja mfinyanzi. Alichukua sufuria nene ya shaba ya baba, akaiweka mwambani. Baba akakataa hata kuyagusa maji yake.

"Maji ya jua katika chombo cha shaba ni makuruhu, dini haiyapendi," alisema. "Huleta mbalanga ya ngozi."

Akawa anatawadha kwa maji ya baridi. Kifua kikambana, akakohoa mpaka tukaogopa. Msafara wa kuteremka pwani ulipopiga kambi jirani, akaanza kufunga mizigo. Mama hakula siku ile. Alijua kwamba wanaume wa pwani wakishateremka, wengi hawapandi tena.

Alasiri alimwendea. "Waitu, bwana wangu, nieleze kabla hujaondoka. Sufuria ina kosa gani?"

Baba alipenda kufundisha, hata ugonjwa haukumzuia. "Shaba ikipigwa na jua kali hutoa uchafu wake majini. Ndivyo tulivyosomeshwa. Ni makuruhu, katika nchi za joto..."

Akajivutia shuka mabegani, akatazama milima. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka.

"Na huku?" mama akauliza.

"Huku ni baridi, mama watoto. Hukumu ile haituhusu."

Akatawadha kwa maji ya sufuria, taratibu, kama mtu asiyetaka yaishe. Mama alilia waziwazi, wala hakujificha.

Kesho yake baba alianza kujenga ukuta wa mawe kuuzunguka mwamba, ili dhoruba isiipindue sufuria. Alijenga huku akikohoa, mama akimpokeza mawe. Watu wa msafara walipokuja kumwita, hakuacha kazi.

"Nendeni salama," aliwaambia. "Mama yangu mpeni shikamoo yangu. Mwambieni kwangu ni huku."